Mwenye Funguo za Duka

Katika maduka mengi ya ushonaji mjini Mpanda, anayefungua mlango asubuhi si mwenye duka. Ni fundi wa siku nyingi, aliyekabidhiwa funguo zamani, na tangu hapo hakuna aliyewaza kumwomba azirudishe. Ndiye anayejua mteja gani amelipa nusu, kitambaa cha nani kimebaki mita na robo, vifungo vya mashati ya sekondari viko kwenye kopo lipi. Kitambaa cha mtu hakijawahi kupotea mikononi mwake. Akiumwa, anamtuma mtoto alete funguo kabla ya saa mbili ili kazi isisimame. Sasa Januari imeingia, sare za shule zimejaa hadi juu ya kabati, na kijana wa cherehani ya pili anamaliza kaptula tano kwa siku. Mwenye funguo anamaliza tatu.

Mwenye duka amwambieje?

Nimechukua duka la ushonaji kwa sababu kazi yake inashikika na kuhesabika, lakini mtu huyu yuko kila mahali. Yuko kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, karani anayejaza daftari la mizani kwa mwandiko uliosimama vizuri huku foleni ya wakulima ikitoka nje ya uzio. Yuko masjala ya halmashauri, mtunza majalada ambaye hajapoteza jalada hata moja, ila barua ikiingia kwake asubuhi ya Jumatatu usiitarajie kabla ya Alhamisi. Yuko stoo ya dawa, yuko jikoni kwa mama lishe. Kila anayeongoza watu wengi kwa muda mrefu amewahi kuwa na mmoja wa aina hii, na kila mmoja wetu aliyewahi kusimamia mtu aliyemzidi umri anajua uzito wa kumfuata na kumwambia kwamba kazi yake inachelewa.

Msimamo wangu ni kwamba lazima aambiwe. Aambiwe mapema, na mwenye duka mwenyewe kwa mdomo wake, wakiwa wawili. Kunyamaza kwa jina la heshima kunamdhuru mtu huyu kuliko neno lolote ambalo angeambiwa, na madhara yake huja taratibu kiasi kwamba siku yanapoonekana, hakuna anayekumbuka yalianzia wapi.

Kabla ya kufika kwenye neno lenyewe, tuutazame mji. Mkoa wetu wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa kamili mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo iliwahesabu wakazi wake kuwa 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Katika miaka kumi watu wameongezeka zaidi ya mara mbili. Wapo waliozaliwa hapa, wapo wakulima na wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na Tabora kufuata ardhi na malisho, wapo waliofuata dhahabu. Kuna pia familia za Katumba na Mishamo, zilizoingia nchini zikikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ambazo nyingi zilipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014 pamoja na wenzao wa Ulyankulu. Ongezeko hilo lote linapita shuleni, na kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza anahitaji kaptula au sketi ya marinda.

Barabara nayo imebadilika. Kwa miongo mingi Mpanda ilitegemea tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua, lililokamilishwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa karibu miaka kumi baadaye, treni ikabaki na abiria, mahindi na tumbaku. Barabara zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na masika ndiyo miezi ambayo shule zinafunguliwa. Sare iliyoshonwa kiwandani Dar es Salaam haikuwa na njia rahisi ya kumwahi fundi wa Kashaulili, hapa mjini. Leo lami inafika kutoka Tabora, na mzazi asiyetaka kusubiri anaingia duka la jirani, anamjaribishia mtoto kaptula iliyoning'inizwa kwenye msumari, analipa, anaondoka.

Kwa hiyo fundi aliyetoa kaptula tatu kwa siku mwaka 2010 alikuwa fundi hodari, na wateja walimsubiri kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Kaptula tatu za leo zimeshonwa kwa mikono ileile na kwa umakini uleule. Tatu imekuwa hesabu ndogo bila yeye kupunguza kitu. Kipimo kilihama, na hakuna aliyemwambia kwamba kimehama. Mwenye duka amekibeba kichwani, akikilinganisha kila jioni na rundo lililobaki, akinung'unika moyoni. Fundi anarudi nyumbani akiamini ametimiza siku yake.

Sheria yetu inalijua jambo hili kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kuna kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42. Kanuni ya 17, inayohusu mfanyakazi asiyefikia kiwango, inataka kujua kama kiwango kilikuwepo, kama mfanyakazi alikijua au ilitarajiwa akijue, kama ni kiwango cha haki, na kama alipewa nafasi ya kukifikia. Kanuni ya 18 inamtaka mwajiri achunguze sababu kwanza, ampe mfanyakazi mwongozo au mafunzo, kisha ampe muda wa kutosha kujirekebisha. Na muda huo wa kutosha unapimwa kwa kuangalia pia urefu wa utumishi wa mtu na rekodi yake ya nyuma. Kwa lugha ya dukani, miaka ya fundi na uaminifu wake havimpi kinga ya kutoambiwa. Vinampa haki ya kusubiriwa zaidi ya mgeni. Waajiri wadogo wengi hukutana na kanuni hizi kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wameitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakati ambapo swali la lini walimwambia mfanyakazi linahitaji jibu lenye tarehe.

Lakini sheria haimsaidii mtu kufungua kinywa. Mwenye duka wetu, tuseme ni binti wa aliyelianzisha, anaingia asubuhi na kumwamkia mfanyakazi wake: shikamoo. Fundi anaitika marahaba, naye mbele ya wateja anamwita bosi, wakibaki wawili anamwita mwanangu, kwa sababu alimshonea sare ya darasa la kwanza. Malipo yanakwenda kutoka mkononi mwa binti kwenda kwa mzee, heshima inakwenda kutoka kwa binti kwenda kwa mzee, na sasa lawama nayo inatakiwa kufuata njia hiyohiyo. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Tumefundishwa kwamba mzee harekebishwi na mtoto, na kama ni lazima, basi atafutwe mzee mwenzake.

Ndipo tunapoanza kuzunguka. Wapo wanaomtuma mtu: fundi mwenzake wa duka la tatu, au mzee wa msikitini, au mama wa jirani anayeuza maandazi mlangoni. Ujumbe unafika ukiwa umevaa nguo ya aliyeubeba, na fundi anajua papo hapo kwamba ameshasemwa kabla ya kuambiwa. Wapo wanaotumia utani, na katika mji wenye makabila mengi kama huu, watani hawakosekani. Utani una kazi yake, unalainisha hewa. Lakini ukisema mbele ya watu kwamba fundi huyu akishona kaptula mtoto anaivaa akiwa sekondari, watacheka wote, yeye mwenyewe atacheka, na hatakuwa amepewa hesabu, sababu wala muda. Atakuwa amepewa aibu tu, na hana pa kuijibia.

Njia ya tatu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayoniuma. Mwenye duka hasemi kitu. Anaanza kumpelekea kijana kazi za haraka, zile za wateja wanaolipa taslimu. Mzee anabaki na marekebisho, kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Mteja akiuliza, anajibiwa mpe huyu kijana, mzee ana kazi nyingi. Neno linaanza kuzunguka kwamba amechoka. Mwaka unapita, pengine miwili. Fundi anaona kila kitu. Mtu anayejua kila kopo la vifungo haachi kuona kwamba nguo za maharusi haziji tena mezani kwake. Ila naye hasemi, kwa sababu akisema atakuwa amejiombea jibu. Hatimaye inakuja siku ya hasira, mteja amepiga kelele, sketi ishirini hazijakamilika, na yaliyofichwa kwa miaka miwili yanamwagwa kwa dakika mbili mbele ya watu. Hapo ndipo anaposikia kwamba alikuwa anachelewesha kazi. Miaka miwili ambayo angeweza kujaribu imeshaliwa.

Na wapo wanaolikwepa swali kwa kulipa kwa kipande. Ni mfumo wa kawaida katika ufundi na sisemi ni dhambi, vijana wengi wanaupenda. Lakini kwa mtu wa miaka hamsini na kitu unageuka kuwa namna ya kumwadhibu bila kumweleza chochote. Kila mwaka anakwenda nyumbani na pungufu kidogo. Hakuna kikao, hakuna neno, hesabu zinasema zenyewe, na mwenye duka analala usingizi akiamini kwamba hajamkosea mtu.

Nchi nzima imehangaika na jambo hili kwa njia zake. Utumishi wa umma ulileta mwaka 2004 mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ule watumishi waliouita MWAMTUKA. Nia yake ilikuwa njema: bosi na mtumishi wakae pamoja, wakubaliane malengo, wapitie nusu mwaka, wapime mwisho wa mwaka. Katika ofisi nyingi ukageuka kuwa fomu ya kujazwa kwa pamoja wiki ya mwisho, kila mtu akiwa amefanya vizuri. Baadaye umekuja mfumo wa kielektroniki kuchukua nafasi yake. Kati ya hapo, baada ya 2015, tulizoea kuona viongozi wakimwinua mtumishi mkutanoni, mbele ya umati, kumuuliza kwa nini kazi haijaisha, na neno kutumbua, yaani kumwondoa mtu kazini hadharani, likaingia hadi kwenye maduka. Watu wengi walifurahi, na palikuwa na uzembe wa kweli uliohitaji kukemewa. Lakini tabia ile ilitufundisha kwamba kuna namna mbili tu za kushughulika na kazi inayochelewa, kuficha au kufedhehesha, na fundi wetu hastahili hata moja.

Basi tuanze pale kanuni inapoanzia, kwenye sababu. Mara nyingi sababu iko wazi kwa anayetazama.

Mwangalie fundi saa kumi na moja jioni. Cherehani yake, ambayo miaka yote ilikaa ndani karibu na ukuta, imesogea hadi mlangoni. Anapotunga uzi ananyoosha mkono wote, anarudisha kichwa nyuma, anakunja jicho moja. Kitambaa ni cha bluu nzito na uzi ni wa bluu nzito. Kwenye pindo anapitisha kidole gumba kwanza, anahisi ulipo mshono, kisha anakanyaga. Mashati meupe anayashona kwa kasi ileile ya kijana. Kaptula ndizo zinazomchelewesha. Huyu mtu hajazembea. Macho yake yamefika umri wa kutoona karibu, kama yanavyofika kwa karibu kila binadamu baada ya miaka arobaini. Watafiti waliopima macho ya watu wa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2006, walikuta tatizo hili kwa zaidi ya watu sita katika kila kumi waliofikisha miaka 40. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai 751 wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Nusu yao walipewa miwani ya kuonea karibu mwanzoni, wengine wakasubiri. Waliopewa waliongeza uzito wa chai wanayochuma kwa siku, na ongezeko lao liliwazidi wenzao kwa takribani asilimia 22. Chai huchumwa mchana kweupe. Fikiria mtu anayetafuta mshono wa bluu juu ya bluu ndani ya chumba chenye dirisha moja.

Sisemi kwamba kila anayechelewa anunuliwe miwani. Nasema kwamba mwenye duka anaweza kupoteza mwaka mzima akimwona mtu kuwa mvivu kwa jambo ambalo kliniki ya macho ingelitambua kwa asubuhi moja.

Sababu ya pili iko shambani. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mshahara wa fundi haulishi familia peke yake. Kwa hiyo ana ekari zake za mahindi, Nsimbo huko au nyuma ya Kawajense, na palizi inaangukia kwenye wiki zilezile za sare. Ameamka saa kumi alfajiri, ameshika jembe hadi saa moja, ameoga, amepanda baiskeli, amefungua duka. Anayemwona mlangoni saa mbili kamili anadhani siku yake inaanza. Kijana wa cherehani ya pili hana shamba bado, wala wajukuu. Mwenye duka akilitaka hilo libadilike, hana budi kuligusa suala la mshahara, na ndiyo maana wengi hawapendi kuuliza sababu: unaweza kujikuta wewe ni sehemu ya jibu.

Ya tatu naijali zaidi, maana ndiyo inayosahaulika hata na waajiri wenye huruma. Kaa dukani siku moja na kalamu. Mteja anaingia, anataka kupimwa, anamtaka mzee. Cherehani ya kijana inakata uzi, mzee anainuka, anafungua kisahani, anasafisha pamba iliyokusanyika, anaulegeza uzi wa chini, anarudi. Kijana ameshona mfuko upande usio wake, mzee anaufumua kwa wembe huku akimwonyesha. Mama analeta gauni la msiba linalotakiwa kesho. Mkusanya ushuru anakuja. Mwenye nyumba anauliza kodi. Kaptula tano za kijana zina mkono wa mzee ndani yake, na kaptula tatu za mzee zimekatizwa mara nyingi kiasi kwamba ni ajabu zimefika tatu. Daftari linaandika vipande. Mengine yote ambayo duka linayapata kwake hayana safu.

Hata hivyo sitaki kumfanya mwenye duka kuwa adui. Kodi ya chumba inapanda, mkopo una tarehe, wazazi wakikosa sare Jumatatu hawarudi mwaka ujao. Kijana naye ana haki yake. Anabeba rundo kubwa, analipwa sawa au chini ya mzee, na asipoona mtu analitazama jambo hilo, ataondoka kufungua meza yake Makanyagio. Upole kwa mmoja ukifanywa kwa mgongo wa mwingine una mwisho wake. Na zipo hali ambazo sababu zote zimetafutwa, zimeondolewa, na mtu bado anafanya kazi kwa mwendo ambao duka haliwezi kuumudu. Kumwambia ukweli huo ni sehemu ya kumheshimu.

Nikiyawaza mazungumzo yenyewe, nayaona baada ya kufunga, kijana akiwa ameshaondoka, si Jumamosi, si siku mteja amelalamika. Wamekaa wote kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna la heri?"

"La heri, mzee. Nataka tuzungumze kazi, mimi na wewe tu. Sare za mwaka huu ni nyingi kuliko za mwaka jana na tarehe zimebana. Nimepitia daftari la wiki mbili. Wewe unatoa kaptula tatu kwa siku, na duka sasa linahitaji tano kwa kila cherehani. Sijawahi kukutamkia hesabu hiyo, kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza unaisikia. Kabla sijaongeza neno, nataka nikusikie wewe. Unaonaje?"

Kisha anyamaze. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunaona aibu kwa niaba ya mzee, tunakimbilia kumwambia usijali, si kitu kikubwa, nilikuwa nakumbushia tu, na kwa sentensi moja tunafuta yote tuliyojikaza kuyasema. Aachwe ajibu. Anaweza kuanza kwa kulalamikia mshono wa kijana. Asikatizwe, pengine ana hoja. Anaweza kusema sawa, nimekuelewa, halafu akainuka kuchukua kofia. Jibu hilo la upole ndilo la kuhofia zaidi, kwa maana limefunga mlango na sababu imebaki ndani. Binti amuulize tena, safari hii kuhusu kazi na si kuhusu yeye: ni mahali gani kwenye kaptula panapokukalia muda mrefu?

"Pindo," mzee anaweza kusema. "Na lisani ya zipu. Mchana naona vizuri. Jua likishuka natafuta kwa vidole."

Ukilipata jibu kama hilo una pa kuanzia. Macho yapimwe, taa iwekwe juu ya cherehani, kazi za bluu zishonwe asubuhi na nyeupe jioni. Wateja wa kupimwa wapewe saa zao, au kijana afundishwe kupima. Palizi ikibana, fundi aombe wiki mbili za kuingia saa tatu na kutoka saa kumi na mbili, na ajulikane hivyo, asije akachukuliwa kuwa mtegaji. Yanayokubaliwa yaandikwe kwenye karatasi yenye tarehe, yasomwe kwa sauti, kila mmoja abaki na nakala. Najua wengi wanaiona karatasi kuwa jambo la polisi. Lakini baada ya miezi mitatu kila mmoja atakumbuka kivyake, na atakayeumia ni yule ambaye hana karatasi. Kama mzee anataka mwenzake awepo siku ya kupitia, aje naye. Sheria inampa nafasi hiyo kwenye kikao kinachotangulia uamuzi wa kumwachisha kazi.

Kuna suluhisho moja ambalo mafundi wenyewe hulijua, na linahitaji uangalifu. Mzee apewe kukata. Duka likipokea jora zima la kitambaa cha sare, anayelaza kitambaa mezani, kuchora kwa chaki na kupitisha mkasi ndiye anayeamua kama litatoa kaptula sitini au hamsini na tano. Kosa la mshonaji hufumuliwa, kosa la mkataji halina dawa. Kazi hiyo haitaki kasi, inataka mtu asiyekosea. Mzee akiwakatia mafundi wawili, wote wanashona bila kuinuka, na duka linaweza kutoa nguo nyingi kuliko awali. Ila mtu aliyekaa kwenye cherehani yake miaka ishirini haondolewi pale kama kiti. Aombwe. Aelezwe kwamba mshahara haupungui, na kweli usipungue. Akiona kwamba meza ya kukatia ni kona ya kumwekea mtu anayesubiriwa aondoke, atajua, na vijana watajua pia, nao watakuwa wameona kinachowasubiri wao baada ya miaka ishirini ya uaminifu.

Linabaki la mwisho: muda umetolewa, macho yamepimwa, meza ya kukatia imejaribiwa, na haikuwezekana. Hapo mwenye duka apige hesabu kabla ya kusema lolote. Kwa sheria ya 2004, kiinua mgongo cha chini kabisa ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Aliyetumika miaka ishirini anaondoka na mshahara wa siku sabini, pamoja na notisi na likizo ambazo hajachukua. Kama alichangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pensheni inahitaji michango ya miezi 180 na umri wa kustaafu; kama hakuwahi kuandikishwa, na katika maduka mengi madogo hakuna aliyeandikishwa, basi hayo ndiyo yote. Hofu ya mzee anayesikia neno kaptula tano iko hapo. Haogopi kufanya kazi, anaogopa hesabu hiyo, na mwenye duka ambaye hajaiona hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima ananyamaza.

Hakuna sheria inayomkataza mwajiri kutoa zaidi ya kiwango cha chini. Anaweza kumwandikisha fundi leo wakati bado ana miaka ya kuchangia. Anaweza kukubaliana naye siku tatu kwa wiki. Anaweza kumpa cherehani aliyoizoea iwe yake. Lakini hilo nalo aulizwe mwenyewe, maana huenda ameshapanga. Huenda nyumba yake Nsemulwa ina chumba cha mbele alichokijenga akiwa na cherehani akilini, na alichokuwa akisubiri ni mtu wa kuzungumza naye waziwazi. Duka lililofanya mazungumzo hayo mapema linaweza kumpelekea huko majora ya kukata kila Desemba, kwa bei waliyokubaliana, na kazi ikarudi bila kasoro kama ilivyokuwa siku zote.